Ubao Uliokataliwa Dunga

Fundi wa mashua na fundi wa meza wakipewa gogo moja wagawane, hawatagombana, maana kila mmoja anakitaka kile ambacho mwenzake anakitupa. Nimeyaona hayo Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, ambako mashua za wavuvi huundwa peupe ufukweni, na nimeyaona Kibuye, ambako sisi wa fanicha tumejipanga kando ya soko, makochi yetu, vitanda vyetu na majeneza yetu yakitazama barabara. Ubao wa mvule wenye mawimbi, ule unaomfanya tajiri wa Milimani asimamishe gari, ufukweni ni ubao mbovu. Mwenye mashua hana haja na mawimbi ya mbao. Ya ziwa yanamtosha.

Useremala nilifundishwa na mzee wa Kibuye ambaye sote tulimwita Jaduong', naye alituita sote nyathina, yaani mwanangu, hata wale waliokuwa wameshaoza mabinti. Hakuwa mtu wa maelezo marefu. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kitambaa chenye maji. Kabla hajatoa hata shilingi alipangusa sehemu ya ubao, upana wa kiganja hivi, akainama kutazama. Mbao zikitoka kwenye msumeno zina vumbi na manyoya, zote zinafanana. Maji yanaamsha rangi kwa muda mfupi tu kabla hayajakauka, na katika muda huo unaona nyuzi zinaelekea wapi, zinazama wapi, zinaibukia wapi. Halafu aliuinua ubao ncha moja, akafumba jicho na kutazama urefu wake wote kwa jicho la pili, atafute ulipojikunja. Mwisho aliugonga kwa kidole huku akisogea. Wauza mbao wakimwona ameanza kugonga hupunguza maneno.

Mvule na mahogani zina tabia moja ambayo kila seremala huijua kwa mkono kabla hajaijua kwa kichwa. Nyuzi zake hazipandi wima. Zinauzunguka mti zikielekea upande mmoja kwa miaka kadhaa, kisha zinageuka na kuelekea upande wa pili, tabaka juu ya tabaka, hadi mti unaanguka. Gogo likipasuliwa kuelekea moyoni, msumeno unayakata matabaka hayo yote, na uso wa ubao unatoka na mistari: huu unang'aa, ule umefifia. Hama hatua moja uutazame tena, iliyong'aa imefifia na iliyofifia inang'aa. Mteja hulipia hapo. Lakini randa ikipita juu ya ubao huo huo, mstari mmoja inaulaza na wa pili inaung'oa, kwa sababu huku unakwenda na nyuzi na sentimita moja mbele unakwenda kinyume chake. Anachokisifu mwenye nyumba na kinachomtoa fundi jasho ni kitu kimoja. Hakuna namna ya kununua cha kwanza ukaacha cha pili dukani.

Jaduong' alikuwa na dawa zake. Kisu cha randa kilinolewa hadi kinyoe malaika ya mkono, na bati la juu yake likasogezwa karibu kabisa na makali ili unyoya uvunjike kabla haujachanika. Pale randa iliposhindwa alivunja kioo cha dirisha kilichokuwa na ufa, akachagua kipande chenye ukingo mzuri, akakwangua. Nimetumia mashine za kila aina tangu wakati huo, na mpaka leo nikikutana na mvule mkaidi natafuta kioo.

Sasa mtazame fundi wa Dunga, nawe utaona ana haki ya kuukataa ubao huo. Ubao wa mashua lazima upindwe kufuata ubavu, kutoka mkukuni hadi puani, ukiwa umeshikwa kwa misumari. Nyuzi zilizonyooka zinakubali kupindwa kwa kuwa kila uzi unapita kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zenye mawimbi zinatokeza usoni kila baada ya inchi chache, na hapo zinapotokezea ndipo ubao unapovunjikia. Msumari ukipigwa mahali hapo unafungua ufa, na ufa ufukweni hauzibwi kwa vanishi. Huzibwa kwa pamba na kipande cha bati, kisha mwenye mashua anatoka nayo usiku kutafuta omena, watu wanne ndani na taa juu.

Fundi huyo huyo, jioni, utamkuta akizunguka mashambani akitazama juu kwenye miti. Anatafuta tawi lililopinda. Siala, mti wa maua ya manjano ambao Waluo huuacha kando ya boma, hutoa matawi yenye kona nzuri, na mbavu za mashua zilizokatwa kwenye kona ya asili ni imara kuliko zilizochongwa kutoka kwenye ubao mnyoofu, maana nyuzi zenyewe zimepinda pamoja na umbo. Mimi ukiniletea tawi la namna hiyo nitalichanja kuni. Kwangu ni pingili fupi yenye mkazo ndani yake, ambayo nikiipasua itajikunja mbele ya macho yangu.

Mkazo huo ni wa kweli, na mti una sababu ya kuuweka. Tawi linalolala, au shina lililoinama kwenye kingo za mto, linavutwa na uzito wake kuelekea chini. Miti ya mbao ngumu hujibu kwa kujenga upande wa juu nyuzi za namna nyingine, zinazovuta kama kamba. Ukipasua mbao za upande huo unapata uso wenye manyoya yasiyokatika hata kwa msasa, na zikikauka zinafupika kwa urefu, jambo ambalo mbao za kawaida karibu hazilifanyi kabisa. Mkaratusi ndio bingwa wa mambo haya. Gogo lake linakatwa asubuhi, na kabla trekta halijafika ncha zimeshafunguka zenyewe.

Kwa hiyo neno kasoro tulilitumia kwa uangalifu pale bandani. Jaduong' akionyeshwa kitu cha ajabu kwenye ubao, anayemwonyesha awe ni mwanafunzi anayelalamika au muuzaji anayejitetea, aliuliza swali moja: "Hii imekwisha, au bado inatembea?" Ikiwa imekwisha, alianza kufikiria mahali pa kuiweka. Ikiwa bado inatembea, aliuacha ubao hapo hapo hata kama ulikuwa mzuri wa kutisha.

Jiwe la mvule, kwa mfano, limekwisha. Mvule ulioumia zamani hujaza chokaa ndani ya kidonda chake, na chokaa hiyo huwa ngumu kiasi cha kung'oa meno ya msumeno. Mara nyingine unaona cheche kabla hujasikia mlio. Dalili yake ni doa jeusi linaloizunguka sehemu hiyo, rangi ya kahawa iliyokolea kuliko ubao wote, na mwenye pupa hudhani ni urembo. Sisi tulipitisha msumari juu ya kila doa kabla ya kuwasha mashine. Ukishalitoa jiwe, shimo linabaki lilivyo miaka yote, doa nalo linabaki, na nimewahi kuona meza ambayo doa la namna hiyo liliachwa katikati kwa makusudi, nayo ikauzwa kabla ya zenzake.

Kifundo kigumu kilichoshikana na mbao zake, nacho kimekwisha. Kifundo kilichozungukwa na gamba bado, kwa sababu kitachomoka siku mbao zinazokizunguka zitakapokauka. Matundu ya bungua yanahitaji ushahidi: laza ubao juu ya gazeti, uuache siku chache, urudi. Ukikuta unga mpya, wenyeji hawajahama. Katika mvule bungua hukaa kwenye ile sehemu nyeupe ya nje na kuiacha ya ndani, kwa hiyo fundi mwaminifu anaikata sehemu nyeupe yote na kukubali hasara. Asiye mwaminifu anaipaka rangi ya kahawia.

Moyo wa mti hautulii. Huu ndio usumbufu mkubwa wa wanaotaka slabu pana, kwa sababu mbao zinapokauka husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya zinavyosinyaa kuelekea moyoni. Tofauti hiyo lazima itokee mahali, na hutokea kwa ufa unaoanzia moyoni kwenda nje. Mti ukikatwa umejaa maji, na kwa muda unaweza kupoteza maji mengi bila kubadilika umbo hata kidogo. Wenye haraka hudanganyika hapo. Mambo huanza unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30. Ubao uliokaa vizuri mwezi mzima bandani unaanza kucheza mwezi wa pili.

Kupima kukauka bila kifaa inawezekana. Kibuye tulikuwa na jirani muuza samaki mwenye mizani, naye alitukubalia tupime kipande kimoja cha kila shehena, mradi tupime kabla hajaleta mbuta. Uzito unaandikwa kwa penseli juu ya kipande chenyewe, pamoja na tarehe. Uzito ukiacha kushuka, maji yaliyotaka kutoka yametoka. Lakini yametoka kwa kiwango cha Kisumu, mji wenye hewa nzito ya ziwa. Meza hiyo hiyo ukiipeleka Nairobi, ofisi ya ghorofani yenye mashine ya kupooza hewa, itaendelea kukauka, na kama uso wake umebanwa kwa skrubu zisizo na nafasi ya kuteleza, utafunguka katikati. Nafahamu hoteli moja huko ambayo ilikataa kulipa kwa ajili ya jambo hilo, na siwezi kusema ilikosea.

Majeneza, kwa upande mwingine, hayana matatizo haya. Mtaani kwetu tunasema ndiyo fanicha pekee isiyorudishwa.

Kwa miaka mingi Jaduong' hakugusa grevilia. Kwake ulikuwa mti wa kuni, mgeni kutoka Australia uliopandwa kuipa kivuli chai na kahawa, kisha ukaenea kwenye mipaka ya mashamba kote magharibi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, halafu ikarefusha, na marufuku hiyo ikaendelea hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa mwaka 2023. Saipresi na paini tulizozizoea zikapanda bei. Tukabaki na mbao za ng'ambo ya mpaka, zinazoingia Busia na Malaba kutoka Uganda na Congo, ambazo si wateja wote walizimudu, na miti ya mashambani. Hapo ndipo grevilia ilipoingia bandani kwetu kwa mlango wa mbele.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tunachoma urembo. Grevilia ina mishipa mipana inayotoka moyoni kuelekea gandani. Ikipasuliwa ovyo, kama wapasuaji wetu wanavyopasua, haionyeshi kitu. Ikipasuliwa kuelekea moyoni, mishipa hiyo inalala usoni, nao ubao unatoka na madoa yanayong'aa, yamefumana kuanzia ncha hadi ncha. Wazungu wa Australia waliuita mwaloni wa hariri kwa sababu hiyo. Kasoro yake inatokana na jinsi tunavyoutunza: mkulima hupunguza matawi kila anapohitaji kuni, akikata mbali na shina na kuacha visiki, na kila kisiki kinamezwa na mti kikiwa kimeoza nusu. Ukitaka mbao safi za grevilia, zungumza na mkulima miaka mingi kabla ya msumeno. Mwambie akate tawi karibu na shina lingali changa. Utomvu wake pia huwasha ngozi, na kuna vijana waliotuacha kwa ajili hiyo tu.

Miembe ilitufikia kwa njia nyingine. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika kupita kiwango chochote kilichokuwa kimepimwa hadi wakati huo, maji yakaingia mashambani na majumbani kuanzia Nyando hadi Budalang'i, na miti mingi ya ufukweni ilisimama ndani ya maji hadi ikafa. Mwembe uliokufa umesimama huingiliwa na kuvu kabla haujaanguka. Makundi ya kuvu yanapogombania mti mmoja kila kundi linaweka mpaka, na mpaka huo ni mstari mweusi mwembamba, wakati mwingine mwembamba kuliko wa kalamu. Ubao wa mwembe wa namna hiyo una ramani nzima: rangi ya asali hapa, kijivu pale, waridi katikati, na mistari ikipita humo.

Hizo ni mbao zilizoanza kuoza, hakuna haja ya kulizunguka jambo. Kuvu hulala mbao zikikauka na huamka zikilowa, kwa hiyo meza ya mwembe wa mistari ni ya ndani, haikai kwenye baraza inayopigwa na mvua. Tulizipima kwa ncha ya msumari: ikizama bila kusukumwa, ubao ni wa moto, ikigoma, ubao ni wa meza. Na vumbi lake halivutwi bila barakoa, kwa kuwa sehemu ya vumbi hilo ni kuvu yenyewe.

Duniani kuna watu waliokwenda mbali zaidi kwa ajili ya ubao wenye kasoro. Huko Belize, mwaka 1965, wakataji waliangusha mahogani mkubwa katika msitu wa Chiquibul, ukaporomokea bondeni na ukaachwa humo miaka mingi kwa sababu hapakuwa na namna ya kuutoa. Ulipotolewa na kupasuliwa ulikutwa na nyuzi zilizovurugika mti mzima, zimejikunja kama ngozi ya kobe. Leo watengenezaji wa magitaa hununua vipande vyake kwa bei ambayo ingejenga nyumba kijijini kwangu. Nadhani mashua ya mti huo isingefika hata kisiwa cha Ndere.

Ipo kasoro moja ambayo Dunga na Kibuye wanakubaliana. Mahogani wa Afrika uliokua mkubwa sana hubeba uzito wake na upepo wa miaka mingi, na nyuzi za ndani, karibu na moyo, husagika zikiwa bado zimesimama. Matokeo yake ni nyufa nyembamba zinazokingama ubao, si za kufuata urefu. Ufa wa urefu hata mteja huuona. Huu wa kukingama unafichwa na vumbi, unafichwa na rangi nzuri, na wakati mwingine unafichwa na mistari ile ile inayong'aa. Kuna banda la jirani lililotengeneza viti vya kanisa kwa mahogani iliyopita Busia; mguu wa kimoja ulikatika ibadani, ukakatika moja kwa moja bila kuchanika, na aliyekuwa amekalia alikuwa mama wa kwaya. Tulipopangusa kipande kilichobaki kwa kitambaa cha maji, mistari ilikuwa pale, mitatu, imekingama. Maji yanapoingia ndani yake hubaki pale hata uso wote ukishakauka, na ndivyo inavyojitokeza. Ubao huo haufai meza, haufai mbavu, na mimi siushauri hata kwa rafu.

Siku hizi kijana yeyote wa Kondele mwenye simu anakuja na picha ya meza yenye mto wa epoksi katikati. Sina ugomvi na epoksi. Inashika kifundo kilicholegea, inajaza shimo la jiwe, inaokoa kipande cha mwembe ambacho kingetupwa. Ugomvi wangu ni kwamba wengi huimimina juu ya ubao mbichi ili kuzuia ufa, na ufa hauzuiwi kwa kumiminiwa kitu. Ubao utaendelea kusinyaa, epoksi haisinyai nao, na baada ya miezi michache vinaachana kwa mstari mrefu ambao hakuna msasa utakaoufuta.

Mwanamke mmoja mwenye mkahawa mjini alikuja kwangu na picha ya namna hiyo. Alitaka kaunta, na macho yake yalikuwa kwenye panda la mvule lililokuwa juu ya vijiti nyuma ya banda. Panda, pale shina linapogawanyika kuwa mawili, ndipo penye urembo mkubwa kuliko wote: nyuzi za pande mbili zinasukumana na kupandana hadi zinatoa umbo la unyoya wa ndege. Ndipo pia penye mioyo miwili, gamba lililomezwa, na kusinyaa kwa kila upande. Ncha zake nilikuwa nimezipaka rangi ili maji yasitoke huko haraka, na mizani ya samaki ilisema bado.

"Fundi, si unaweza kumimina ile kitu ya kioo hapo kwa ufa?"

Nilimwambia, "Mama, hilo lirudie mwakani. Leo nikikuuzia utanichukia Krismasi."

Nikamwonyesha grevilia. Nilipangusa ubao kwa kitambaa, akasogea, akaona madoa yakiamka, akaomba nipanguse tena. Upande mmoja ulikuwa na kifundo kikubwa, kigumu, cha rangi ya chai ya rangi. Akakizunguka kwa kidole na kuuliza kama kwa sababu ya hicho nitapunguza bei. Nikamwambia hicho ndicho kitakachokaa mbele, upande wa wateja, na bei ni ile ile. Alicheka, akalipa nusu, akasema nusu nyingine nitaipata kaunta ikishamaliza mvua moja na kiangazi kimoja bila ufa. Nilitaka kubishana, lakini Jaduong' alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, akaniambia niandike risiti.